Namna ya Kumweleza Mgonjwa Dawa Zake Hadi Aelewe

Mgonjwa anayetoka kwa daktari bila kuelewa alichoambiwa hutumia dawa kwa kubahatisha, na matokeo huonekana baadaye: presha isiyoshuka, au kifua kikuu kinachorejea kikiwa sugu. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi zilizoendelea, ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata matibabu ipasavyo. Sehemu ya kasoro hiyo huanzia mezani kwa daktari.

Ukishamsalimu, weka kalamu chini na umwache amalize maelezo yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984 ulionyesha kwamba madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Shida ambayo mtu ameona haya kuitanguliza hurudi nayo nyumbani.

Kisha eleza machache: ugonjwa, dawa, muda, na mabadiliko atakayoyaona mwilini. Nasisitiza hili la mwisho kwa sababu ndilo linalosahauliwa zaidi. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza kumeza rifampisini, asipoambiwa mapema kwamba mkojo wake utageuka rangi ya chungwa, anaweza kuamini kwamba dawa inamuunguza ndani, akaiacha kimyakimya. Mwambie kwamba rangi hiyo haina madhara, lakini macho yakigeuka manjano arudi kituoni upesi. Mwambie pia kwamba nafuu atakayoipata baada ya wiki chache si kupona, kwa kuwa matibabu ya kawaida huchukua miezi 6.

Chunga neno "dozi". Kwa wengi dozi ni kitu kinachokwisha, kama ya malaria, hivyo mgonjwa wa presha akimaliza vidonge vya mwezi hujiona amemaliza tiba. Na pale bahasha inapoandikwa "1x3", taja saa zenyewe: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku.

Usiulize "Umeelewa?", maana atajibu "Ndiyo, daktari" kwa heshima tu. Uliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani watakuuliza daktari amesema nini, utawaambiaje?" Akikosea usimkaripie, mwambie kwamba wewe ndiye hukueleza vizuri, eleza upya kwa maneno mengine, kisha msikilize tena kabla hajaelekea dirisha la dawa.