Mwigizaji wa Jukwaani Anapohamia Mbele ya Kamera

Judi Dench alianza jukwaani nchini Uingereza mwaka 1957, akiwa Ophelia kwenye tamthilia ya Hamlet na kundi la maigizo la Old Vic. Mwaka 1999 alipokea Oscar kwa kuigiza Malkia Elizabeth I, katika filamu ambayo humo anaonekana kwa dakika chache tu. Anayetaka kudumu pande zote mbili namna hiyo ana mengi ya kujifunza upya, na ya kwanza ni sauti.

Jukwaani unamfikia mtu wa kiti cha mwisho. Kwenye filamu maikrofoni imebanwa kifuani au inaning'inia juu ya kichwa chako, kwa hiyo wengi hupunguza sauti, na pumzi nayo ikapungua. Hapo ndipo silabi za mwisho humezwa. Vuta pumzi ileile ya jukwaani, lakini sema na mtu aliye umbali wa mkono mmoja. Jirekodi kwa simu: ukisikia "sitaki" imekuwa "sitak", pumzi imekwisha mapema.

Kamera ikiwa karibu na uso, tazama jicho moja tu la mwenzako, lile lililo upande wa kamera. Macho yakihamahama, mhusika aliyetulia ataonekana ana wasiwasi.

Panapowaangusha hata mahodari ni kwenye vitu vya mkononi. Onyesho moja hurudiwa mara nyingi kwa pembe tofauti, kisha mhariri huunganisha vipande. Ukiinua kikombe kwenye neno "nilijua" katika picha pana, halafu katika picha ya karibu ukakiinua kwenye "jana", vipande havishikani, na huenda kinachotupwa ndicho ulichoigiza vizuri kuliko vyote. Andika pembeni mwa skripti: mkono upi, neno lipi, chai imefika wapi. Piga funda dogo, kwa sababu huenda ukalirudia mara ishirini.

Alama ya tepu sakafuni, inayoonyesha pa kusimama, usiitafute kwa macho. Simama juu yake, rudi kinyumenyume ukihesabu hatua hadi unapoanzia, kisha njoo kwa hesabu hiyohiyo. Ukizidisha nusu hatua tu, uso unaweza kutoka ukungu.

Filamu kwa kawaida hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Tengeneza jedwali la maonyesho yako yote: mhusika ametoka wapi, anajua nini, ana jeraha gani. Muulize mwongozaji pia picha ya karibu itapigwa lini, usije ukamaliza machozi kwenye picha pana.

Koo litunzwe kila siku. Tumbukiza mrija sentimita 2 hivi ndani ya glasi ya maji, upulize mapovu huku ukiguna, dakika 5 kabla ya kazi. Sauti ikikwaruza, nyamaza kabisa. Kunong'ona huwabana wengi koo zaidi. Ikizidi wiki 3, mwone daktari wa koo.

Na mistari? Dench, macho yake yalipodhoofika, alijifunza kwa kusomewa. Njia hiyo inamfaa hata mwenye macho mazima: rekodi maneno ya wenzako, acha kimya mahali pa maneno yako, uyajibu huku ukiosha vyombo. Mkono ukisimama ili ukumbuke, mstari huo haujaingia bado.