Kabla Uanze Keto na Uko na Sukari, Soma Hii Kwanza

Hapa Nairobi watu wanaingia keto, ule mlo wa kukata wanga karibu wote, venye watu huingia chama. Mtu anaskia kazini fulani amepunguza kilo 12 na sukari yake imeshuka, Jumatatu anaanza, ugali ameacha, chapati ameacha, lakini dawa anaendelea kumeza vile vile alivyokuwa akimeza. Hapo kwa dawa ndipo watu wanaumia na ndiyo sababu naandika hii. Mimi pia niko na sukari, aina ya pili, tangu 2017, na kupunguza wanga kumenisaidia sana, kwa hivyo sijakuja kukataza mtu. Nataka tu ufanye hii kitu kwa mpango.

Kwanza jua sukari yako ni aina gani. Kama ni aina ya kwanza, wewe wa insulini kila siku, usijaribu hii peke yako, tafuta daktari wa sukari akushike mkono, na insulini usiiache hata siku moja. Kama uko na mimba ama unanyonyesha, achana nayo kwa sasa. Kama umewahi kuambiwa figo zina shida, uliza kabla hujagusa sahani.

Nenda upimwe: HbA1c ambayo inaonyesha sukari ya karibu miezi mitatu, kreatinini ya figo, mafuta kwa damu, presha, na macho. Hii ya macho watu huiruka na haifai kurukwa, juu macho yakiwa yameanza kuharibika na sukari imekaa juu miaka mingi, ukiishusha kwa ghafla yanaweza kuharibika zaidi. Andika hizo namba kwa kitabu, usiseme utakumbuka.

Chakula sasa. Keto kwa kawaida ni kati ya gramu 20 na 50 za wanga kwa siku nzima, na hiyo ni kidogo kuliko unavyofikiria. Kikombe kikubwa cha maziwa, mililita 250, kina kama gramu 12, kwa hivyo wewe wa chai ya maziwa matupu vikombe vitatu tayari umekula wanga wa siku na hujatia kitu kwa tumbo. Ndengu na maharagwe ni protini ndiyo, lakini wanga nayo imejaa, na waru, matoke, githeri na uji wa wimbi usiniulize. Kinachobaki ni mayai, omena, samaki, nyama, matumbo, parachichi, sukuma, managu, terere, kabeji, na hivyo vyote unapata kwa mama mboga na kwa bucha bila kununua unga wa kigeni wa bei ya karo. Ongea na watu wa nyumba mapema pia, juu kupika sufuria mbili kila jioni kunachosha mtu, na ukianza bila kuelewana utapata wiki ya pili umerudi kwa ugali kimya kimya huku dawa zimeshabadilishwa, na hiyo ni hatari ya upande mwingine.

Haya, dawa. Elewa hivi: dawa uliyoandikiwa ilipimwa na sahani yako ya zamani. Daktari alikuwa anahesabu ugali. Ukitoa ugali na dawa ibaki pale pale, hesabu imeharibika. Kama unatumia insulini au glibenclamide, sukari inaweza kuanguka siku hiyo hiyo ya kwanza, unaanza kutetemeka, jasho baridi, unaongea vitu havieleweki, na ukiwa kwa matatu watu watadhani umelewa. Mashine ikisoma chini ya 4 usingoje, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwa maji unywe, ama nusu glasi ya soda ya kawaida, pima tena baada ya dakika 15. Metformin ikiwa peke yake kwa kawaida haiangushi sukari hivyo. Dawa za presha nazo zinaweza kuhitaji kupunguzwa, juu presha huwa inashuka ukipunguza wanga na kilo. Lakini kupunguza ni kazi ya daktari, si yako, na unaenda KABLA ya kuanza, si ukishaanguka.

Sasa kuna dawa nyingine ambayo hakuna mtu alituambia, na hii nitaieleza polepole.

Kaka yangu mkubwa ana duka la spea Kirinyaga Road, pale Grogan. Sukari yake ni ya miaka mingi. Aliandikiwa dawa mpya, kidonge kimoja asubuhi, na kikamfanyia kazi vizuri, sukari ikatulia, akawa anakojoa sana tu. Kama miezi mitatu hivi baadaye akaingia keto, na yeye akiamua kitu huwa ameamua, hakuna chai, hakuna tunda, hakuna kitu. Siku ya nane akaanza kutapika. Tukaambiana hiyo ni mwili unazoea, tumesoma kwa simu wiki za kwanza mtu huhisi kama ana homa, shemeji akampa maji ya chumvi na ndimu. Kila tukipima, mashine inasema 9, inasema 10, mara moja 10.8. Mtu wa sukari akiona 10 anajua mambo si mabaya sana, si ndiyo? Na kila asubuhi hata akiwa anatapika alikuwa anameza kile kidonge, juu alikuwa ameapa hatawahi kuruka dawa.

Usiku wa tatu shemeji akanipigia, nikatoka Donholm na teksi hadi Umoja. Nilimkuta amelala ubavu, kifua kinapanda na kushuka kama mtu ametoka kukimbia ngazi hadi orofa ya sita, na hakuwa ameamka kitandani tangu mchana. Mdomo wake ulikuwa unanuka kitu kama dawa ya kutoa rangi ya kucha. Tulimpeleka mahali karibu, wakapima sukari, 10.2, wakasema sukari iko sawa ni tumbo, wakamdunga sindano ya kuzuia kutapika na kutupatia dawa ya asidi ya tumbo twende nyumbani. Tulikuwa tumeshafika kwa gari wakati aliniuliza mimi ni nani.

Tukaenda hospitali nyingine. Huko daktari kijana, sijui kama alikuwa na miaka 30, kitu cha kwanza hakuuliza sukari ni ngapi, aliuliza, "Anameza dawa gani? Nionyesheni." Shemeji akamwaga mkoba wake wote hapo kitandani, funguo, risiti, peremende za mtoto, na ile pakiti. Daktari akaisoma, akauliza anakula nini siku hizi, tukasema keto, akanyamaza kidogo halafu akaita sista alete stripu ya mkojo. Ile stripu ilibadilika zambarau nzito mbele yetu hata kabla dakika haijaisha. Ketoni, zile kemikali mwili hutengeneza ukichoma mafuta, zilikuwa zimejaa na damu imekuwa asidi.

Alituelezea hivi na sijawahi kusahau. Hizo dawa, dapagliflozin na empagliflozin na ndugu zake, zinafanya figo zimwage sukari kwa mkojo. Kwa hivyo mashine ya kidole itaonyesha namba nzuri hata kama ndani insulini haitoshi. Mwili ukikosa insulini ya kutosha na umekosa wanga pia, unachoma mafuta bila breki na ketoni zinapanda kupita kiasi. Ketoni za mtu wa keto wa kawaida huwa kama 0.5 hadi 3 na mtu anatembea kazini. Hizi zake zilikuwa zimepita hapo mbali. Na si siri, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hizi dawa na huu ugonjwa wa ketoni kufanya damu iwe asidi, ketoacidosis, Mei 2015. Sisi tu ndio hatukuambiwa, na hatukuuliza.

Walipomwekea dripu ya glukosi pamoja na insulini, shemeji alisimama akakataa, mnampea sukari mgonjwa wa sukari? Ikabidi aelezwe tena kwamba insulini ndiyo inazima ketoni, na ile glukosi ni ya kuzuia sukari isianguke wakati insulini inafanya kazi. Alilala huko siku sita. Ametoka mzima, Mungu ni mwema, lakini nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamwambiaje mama huko nyumbani.

Kwa hivyo toa pakiti zako sasa hivi, si kesho, soma jina lile la maandishi madogo, si jina kubwa la kampuni. Likiishia na "gliflozin", ama dawa yako ni mbili ndani ya moja na mojawapo ni hiyo, usianze keto mpaka umwambie daktari kwa maneno hayo hayo, "nataka kuacha wanga na niko kwa hii dawa." Na hata usiposhika keto, ukitapika na huwezi kula, ama unaenda kupasuliwa, ama kanisa limetangaza mfungo wa siku 21 Januari, ama ni Ramadhani, uliza kuhusu hicho kidonge kabla. Ukiwa na kichefuchefu, tumbo linauma, unapumua kwa nguvu, usidanganywe na namba ya kidole, sema "nipimeni ketoni." Sema hata wakikukasirikia.

Mengine ni ya haraka. Nunua stripu za kutosha kabla, zile za sukari na kama unaweza za ketoni, na wiki mbili za kwanza pima asubuhi, kabla ya chakula na usiku. Kunywa maji, chumvi usiikate kabisa isipokuwa daktari amesema. Pombe wacha. Ukienda matanga ama harusi ushago kula kabla hujatoka, juu huko utapewa mchele na waru na hutaweza kukataa mbele ya wazee. Vile vidonge vya keto vinauzwa tao na kwa simu usinunue, na usimpe jirani dawa yako hata kama mnaugua kitu kimoja, na usichukue ushauri wa mtu ambaye hajui majina ya dawa zako, hata mimi. Andika majina hayo kwa karatasi, weka nyuma ya kitambulisho, na yule unaishi naye ajue karatasi iko wapi. Kama unaishi peke yako, mwambie hata kijana wa boda wa stage.