Kupima Mawingu ya Chini kwa Rada: Mwongozo kwa Wapimaji wa Kigoma

Rada haipimi maji yaliyomo katika wingu. Inapima mwangwi unaorudi kutoka kwenye matone, na nguvu ya mwangwi huo hufuata kipenyo cha tone kilichopandishwa kipeo cha sita. Chukua mita moja ya ujazo ya wingu lililotanda juu ya Ziwa Tanganyika asubuhi, lenye vitone milioni 100 vya kipenyo cha maikromita 20. Vitone hivyo vina takriban gramu 0.42 za maji, na mwangwi wake ni karibu −22 dBZ (kipimo cha nguvu ya mwangwi wa rada, kwa desibeli). Sasa ongeza matone 100 tu ya manyunyu, kila moja likiwa na kipenyo cha maikromita 200. Maji yake ni sehemu moja ya elfu ya maji ya vile vitone, lakini mwangwi wake ni sawa na wa vitone vyote milioni 100. Anayesoma mwangwi peke yake atadhani wingu limejaa maji ghafla, ilhali maji hayajaongezeka kwa kiasi cha kutajika.

Kwa sababu hiyo, panga vifaa vitatu mahali pamoja: rada ya mawingu iliyoelekezwa wima, kipima kimo cha wingu kinachotumia leza, na rediomita ya mikrowevu inayopima jumla ya maji yote yaliyo juu yako. Rada ya mvua yenye mawimbi ya sentimita kadhaa haivioni vizuri vitone vidogo hivi. Tumia ya gigahezi 35 au 94. Kwa msimu wa mvua wa Kigoma ningechagua ya 35, kwa kuwa ile ya 94 hudhoofishwa zaidi na mvuke na maji yaliyomo njiani. Pigo la mawimbi la rada lenye urefu wa maikrosekunde 0.2 litakupa tabaka za mita 30, zinazotosha. Hakiki usahihi wa rada kwa kiakisi cha chuma kilichofungwa juu ya mlingoti, kwani kosa la desibeli 3 linafanya mwangwi uonekane mara mbili ya ulivyo. Andika vimo vyote kuanzia ardhini, kisha uongeze mwinuko wa kituo pale tu unapohitaji kimo kutoka usawa wa bahari. Uso wa ziwa peke yake uko takriban mita 770.

Kabla ya hesabu yoyote, ondoa wadudu. Jioni moja baada ya mvua niliandika katika daftari kwamba kuna wingu jembamba mita 200 juu ya kituo, nikatoka nje nikakuta nyota zinawaka na kumbikumbi wamejaa kwenye taa ya mlangoni. Rada inayopima mgeuko wa mawimbi ingeniepusha na aibu hiyo: kitone cha wingu ni mviringo, hivyo hurudisha mawimbi yakiwa karibu kama yalivyotumwa, ilhali mwili mrefu wa mdudu huyageuza waziwazi.

Kitako cha wingu kichukue kwenye leza, na kilele kwenye rada. Usikitafute kitako kwa rada, maana manyunyu yanayodondoka chini ya wingu yataonekana kama sehemu ya wingu lenyewe. Mwangwi ukizidi kiwango kilicho kati ya −20 na −15 dBZ, au kipimo cha Dopla (kasi ya matone kuelekea rada) kikionyesha matone yanashuka kwa kasi ya wazi, hesabu kwamba manyunyu yameanza na uitenge sehemu hiyo.

Katika sehemu isiyo na manyunyu, idadi ya vitone ikichukuliwa kuwa ileile kutoka kitako hadi kilele, mwangwi hufuata mraba wa kiasi cha maji. Basi gawa jumla ya rediomita kwa kufuata kipeuo cha pili cha mwangwi wa kila tabaka, yaani tabaka yenye mwangwi mara nne ya nyingine ipewe maji mara mbili. Rediomita ikisoma gramu 100 kwa mita ya mraba na wingu lina unene wa mita 400, wastani wako lazima uwe gramu 0.25 kwa mita ya ujazo. Ukipata vingine, umekosea katika ugawaji. Dirisha la rediomita likilowa mvua, futa vipimo vya muda huo wote hadi likauke.