Kabla hujanunua mashua ya tanga iliyotumika

Kama unatafuta mashua ndogo ya tanga ya kuanzia, usivutwe na rangi mpya. Chukua bisibisi, igeuze, kisha gonga sitaha taratibu kwa mpini wake, hasa kuzunguka mlingoti na penye boliti. Panapolia ko, ko, sauti kavu, ni pazima. Panapotoa sauti nzito iliyofifia, mara nyingi maji yameshapenya kati ya tabaka za faiba, na mbao iliyo ndani yake inaoza. Ukarabati wake ni ghali mno kwa anayeanza. Achana nayo, hata bei iwe ya kutupa. Halafu pitisha kitambaa kwenye nyaya zinazoshikilia mlingoti: kikinasa, kuna uzi umekatika, na waya huo ni wa kubadilisha. Tanga nalo likunjue lote. Likiwa laini kama shuka kuukuu limechoka, na jipya laweza kukaribia bei ya mashua yenyewe! Urefu wa mita 4 hadi 6 unatosha kabisa kujifunzia. Na tafadhali, mwombe mwenye mashua atweke tanga mbele yako, majini, kabla hujatoa hela.