Barcelona mpaka Roma: kilomita ngapi na unaruka muda gani?

Ukitafuta umbali wa Barcelona na Roma mara nyingi utaletewa kilomita 1,300 na ushee, halafu unabaki unajiuliza ndege inafikaje chini ya masaa mawili. Hiyo ni ya barabara bwana, gari linazunguka pwani yote ya kusini mwa Ufaransa, Montpellier, Nice, ndo lishuke Genoa kuelekea Roma. Ndege inakatiza bahari, ni kama 860 tu.

Pima mwenyewe: fungua Google Maps kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya Barcelona, chagua kupima umbali, kisha bonyeza Roma. Mstari utakatiza juu ya sehemu ya kusini ya kisiwa cha Corsica, Sardinia inabaki chini yake upande wa kusini, na utaona safari ni kwenda mashariki tu maana miji yote miwili iko karibu latitudo moja.

Sasa muda. Chukua kilomita gawa kwa 800, hapo ndo spidi ya kukadiria ndege ikishatulia juu, halafu ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Inakuja saa moja na dakika 35 hivi. Tiketi itakuandikia zaidi kidogo, saa moja na dakika 45 mpaka 55, kwa sababu wao wanahesabu toka ndege inaachia geti mpaka inapaki, na El Prat (Barcelona) na Fiumicino (Roma) ni viwanja vikubwa, kule kutambaa tu mpaka njia ya kurukia kunakula dakika za kutosha. Kurudi Barcelona mara nyingi kunachukua muda zaidi kidogo, upepo wa huko juu unatoka magharibi kwa hiyo ukienda Roma unakusukuma na ukirudi unapambana nao.

Saa za miji hii ni zilezile, toa tu muda wa kufika na wa kuondoka umemaliza. Ila ukipima Roma na Athens kuwa makini, Ugiriki iko mbele kwa saa moja, tiketi ikisema unaondoka 10:00 unafika 13:00 ujue ni masaa mawili angani sio matatu.

Kupanga siku ni hesabu nyingine kabisa. Weka masaa mawili ya kuwahi uwanjani (nchi zote mbili ziko Schengen, eneo la Ulaya lisilo na ukaguzi wa mipakani, pasipoti kwa kawaida haigongwi, ila tembea nayo), Aerobús, basi la kwenda uwanjani, toka Plaça de Catalunya katikati ya Barcelona dakika kama 35, na ukishuka Fiumicino kuna treni ya Leonardo Express dakika 32 mpaka Termini, stesheni kuu ya Roma. Yaani mlango kwa mlango masaa matano, sita ukiwa na begi la kusubiri. Meli ya kwenda Civitavecchia, bandari ya karibu na Roma, inakula kama masaa 20, na hapo bado hujaingia Roma.

Kabla hujalipa cheki tiketi imeandikwa FCO au CIA, FCO ni Fiumicino, CIA ni Ciampino, uwanja mwingine wa Roma, na Leonardo Express haifiki kule.