Dar es Salaam kikazi: kupata picha nzuri za pwani kabla ya kikao cha saa mbili asubuhi

Aliyekuja Dar kwa siku tatu za vikao ana nafasi mbili tu kwa siku: alfajiri, na nusu saa ya mwisho kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo anza na saa na maji, ufukwe uchague baadaye. Ufukwe ule ule wa Coco unaweza kukupa mwamba mtupu wenye vidimbwi vinavyong'aa, au mawimbi yanayopiga ukingo wa barabara, kutegemea umefika lini.

Jua la Dar huchomoza kati ya saa 11:50 alfajiri (Novemba) na saa 12:40 asubuhi (Julai). Rangi angani huanza kama dakika 20 kabla. Huku kwetu jua hupanda karibu wima, hivyo mwanga laini hauzidi dakika 40. Baada ya hapo vivuli ni vikali na mchanga unatoka mweupe tupu kwenye picha. Uwe umesimama mahali pako dakika 25 kabla ya jua. Ukiondoka hotelini jua linapochomoza, umeshachelewa.

Sasa maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Wavuvi hawahitaji programu kujua hali ilivyo: wanahesabu mwezi. Nawe waweza kutumia kalenda ya Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hupwa sana kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Maana yake, alfajiri ya bamvua maji yanarudi nyuma na kuacha mchanga uliolowa, unaoakisi mbingu kama kioo. Ukitaka mwamba uwe wazi jua likichomoza, lenga tarehe 10 au 25 za mwezi mwandamo, siku moja mbele au nyuma. Maji hayatapwa mbali kama wakati wa bamvua, lakini yatakuwa chini kwa saa unayoitaka. Hakikisha kwa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la Dar es Salaam. La Mombasa au Tanga lisikutoshe.

Mahali pa kusimama kutategemea unapolala. Usivuke jiji alfajiri kwa ajili ya picha. Kwenda ni rahisi, ila kurudi saa 1 utakutana na foleni ya watu wanaoingia mjini.

Ukilala Posta au Upanga, shuka Barabara ya Barack Obama. Mbele yako kuna bahari wazi, na upande wa kaskazini Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, linakupa mstari mrefu wa kuongoza jicho. Lipige picha ukiwa ufukweni. Kusimamisha gari juu ya daraja ni kutafuta ugomvi na trafiki. Ukilala Masaki au Oysterbay, Coco ni ya kutembea kwa miguu, na ndipo penye mwamba wa matumbawe. Vaa viatu vya mpira vyenye soli: mwamba ule hukata, na palipoota ukijani huteleza. Kaa karibu na wakimbiaji wa asubuhi, mkanda wa kamera upite kifuani kutoka bega moja hadi kiuno cha pili, na simu isiachwe kwenye mchanga.

Jioni, Coco haitakupa jua, kwa sababu inatazama mashariki. Wageni wengi hukosea hapa: wanaketi wakisubiri machweo huku jua likizama nyuma ya majengo. Nenda upande wa pili wa rasi ya Msasani, Slipway, eneo la maduka na migahawa kando ya maji, unakotazama magharibi kuvuka ghuba ya Msasani. Mashua zilizotia nanga zitakuwa vivuli vyeusi mbele ya rangi. Kuanzia Novemba hadi Februari jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni, hivyo kikao kikiisha saa 11 bado unawahi, ikiwa huna Barabara ya Ali Hassan Mwinyi ya kupita.

Kunduchi, penye ngalawa na wavuvi wanaorudi na samaki, ni pazuri kuliko pote hapa, lakini ni kwa anayelala huko Mbezi Beach au Kunduchi yenyewe. Salimia kwanza, omba ruhusa, ndipo uinue kamera. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya viache kwa siku ya mapumziko: kuna boti, kuna kiingilio cha hifadhi, na ratiba ya boti haijui kikao chako. Kwenye eneo la Magogoni, karibu na Ikulu, kivuko na bandari, kamera ibaki mfukoni. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Usiilete ukitumaini kuelewana na mtu papo hapo.

Kosa linaloharibu alfajiri nyingi ni ukungu kwenye lenzi. Chumba cha hoteli kina kiyoyozi, nje kuna joto na unyevu. Kioo baridi hutoa jasho mara moja, na ukikifuta kinarudia. Funga kamera kwenye mfuko wa plastiki na uitoe nje, au uiweke bafuni pasipo na kiyoyozi, nusu saa kabla ya kutoka. Simu nayo hivyo hivyo.

Ukipiga kwa simu, bonyeza na ushikilie sehemu yenye mwanga mkali angani, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole. Usipofanya hivyo, anga litakuwa jeupe tupu. Kwa kamera, stendi ya miguu mitatu na kasi ya shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia) ya robo sekunde hadi sekunde moja hulainisha maji yanayorudi. Kandamiza miguu ya stendi mchangani mpaka ishike, maana kila wimbi huchimba chini yake na picha hutikisika bila wewe kuona. Lenzi usibadilishe ufukweni, hasa msimu wa kusi, upepo unapobeba mchanga.

Ukirudi chumbani, usifute chumvi kwa kitambaa kikavu, kwani chembe zake huchuna kioo. Lowesha kitambaa laini kwa maji baridi, kikamue, pitisha taratibu, ndipo ukaushe. Miguu ya stendi isafishe kwenye bomba, kisha iache imefunguliwa ikauke ukiwa kikaoni.