Muhtasari wa kikao umekosewa na TRA wamekukadiria: jinsi ya kurekebisha mahakamani

Mteja mmoja wa Kariakoo alinijia na makadirio ya kodi kutoka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, mkononi. Kampuni ya familia yao ilikuwa na hisa 1,000. Wakampokea mwekezaji kwa kutoa hisa mpya 600, yaani asilimia 37.5 ya hisa zote 1,600. Lakini aliyeandika muhtasari aliandika kwamba wanahisa wa zamani "wamemhamishia" hisa 600. Kwenye karatasi, mgeni akawa na asilimia 60. Umiliki ukibadilika kupita nusu, sheria ya kodi ya mapato huichukulia kampuni kama imeuza mali zake. Na wazee wa watu wakadaiwa kodi kwa hisa ambazo hawakuuza.

Hatua ya 1: Pingamizi TRA kabla ya yote
Una siku 30 tangu upokee makadirio. Unatakiwa ulipe kodi usiyoibishania au theluthi moja ya makadirio, ile iliyo kubwa. Kama huna uwezo, mwombe Kamishna akupunguzie au akusamehe amana hiyo, ukieleza sababu. Tafadhali usingoje mahakama, maana kesi haisimamishi siku hizo. Inauma kumwona mtu mwenye haki yake akikwama kwa kuchelewa.

Hatua ya 2: Nini kilikosewa, waraka au makubaliano?
Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Mahakama hurekebisha maandishi yafanane na mlichokubaliana. Haiwatengenezei makubaliano mapya kwa kuwa kodi imekuwa kubwa. Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema hivyo mwaka 2016 katika shauri la Fairmont Hotels. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila jiandae kuulizwa swali hilohilo. Kama kweli mliuziana hisa, mwambie wakili wako ukweli, mwachane na njia hii.

Hatua ya 3: Ushahidi wa siku zile
Fuata fedha. Mwenye kuuza hisa hulipwa yeye. Hisa mpya hulipwa kwa kampuni. Kwa mteja wangu tulipata karatasi ya benki, wino umeshaanza kufifia, ikionyesha mwekezaji aliweka fedha kwenye akaunti ya kampuni siku mbili kabla ya kikao. Karatasi ile ilikuwa na uzito kuliko viapo vya ndugu watano. Tafuta pia ujumbe wa WhatsApp na rasimu za mkataba. Barua iliyoandikwa baada ya makadirio haina nguvu.

Hatua ya 4: Maombi Mahakama Kuu
Ambatisha hati ya kiapo ya mtu aliyekuwepo kikaoni. Omba mnyororo mzima urekebishwe: muhtasari, daftari la wanahisa na taarifa zilizopelekwa BRELA, wakala wa serikali unaosajili makampuni. Ukiacha kimoja, kitakurudia. Ukimshtaki Msajili wa Makampuni, lazima utoe notisi ya siku 90 na umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ndiyo maana pingamizi lilitangulia. Mimi huwapa TRA taarifa ya maombi hata pale wasipokuwa wadaawa, yaani wahusika wa kesi, wasije wakasema amri ilipatikana nyuma ya mgongo wao.

Hatua ya 5: Amri ikitoka
Chukua nakala zilizothibitishwa. Moja peleka BRELA, nyingine ipeleke TRA kwenye jalada la pingamizi lako, pamoja na barua fupi inayotaja namba ya makadirio. Hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa.